Mita 60 Si za Kiboko

Kila inapotajwa sheria ya kutojenga wala kulima kandokando ya Ziwa Babati, husikika msemo mmoja, hapa Mutuka na mjini kwa jumla: "Serikali inampenda kiboko kuliko mtu." Msemo huo unachekesha, na ndiyo maana unasambaa upesi. Mimi naupinga. Lakini nawapinga vilevile wale wanaoisimamia sheria kwa namna inayoufanya msemo huo ufanane na kweli.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka baharini, ziwani, mtoni au bwawani. Kabla yake, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikwisha kuliweka eneo hilo la mita 60 katika aina za ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Hatarishi kwa nani, ndugu msomaji? Kiboko haogopi mafuriko. Anayeogopa ni mwenye nyumba, godoro na watoto.

Ziwa letu halina kina kirefu. Ni sahani, si chungu. Ukiijaza tope sahani, maji humwagika pembeni. Mwaka 1990 ziwa lilifurika na maji yakaingia mjini. Hayakuuliza nani ana hati na nani hana. Ziwa lina mpaka wake, na lisipopewa kwa hiari hujitwalia.

Matete na mafunjo tunayoyafyeka tukidhani ni pori tu yana kazi. Hupunguza kasi ya maji ya mvua na kuuzuia udongo usiingie ziwani. Perege huzalia katika maji mafupi ya kandokando. Ukilima mpaka majini, udongo uliotifuliwa, mbolea na dawa za wadudu huteremka pamoja. Mbolea ikastawisha magugu ya majini, na mvuvi akarudi na nyavu tupu. Naye kiboko hutoka usiku kutafuta majani. Akikuta nyanya mahali palipokuwa na majani, atazikanyaga, na asubuhi tutamwita mvamizi. Nani kamvamia mwenziwe?

Hayo ni kwa wapinzani wa sheria. Sasa kwa wasimamizi wake.

Mita 60 kutoka wapi? Ziwa hupanda wakati wa masika na kurudi nyuma wakati wa kiangazi. Mkulima akiambiwa mwezi wa nne kwamba yumo ndani ya mpaka, na mwezi wa kumi akaona maji yako mbali, atasema anadanganywa, wala hatakosea kushuku. Mpaka usio na nguzo ni mpaka wa mdomoni, na mpaka wa mdomoni huhamishwa na mwenye fedha.

Jambo la pili ni haki. Sheria imetanguliza shughuli za kudumu. Kati ya tuta la mchicha na ukuta wa matofali, kipi cha kudumu? Sheria ikimng'oa mama mwenye matuta manne na kumwamkia mwenye ukuta, hiyo si hifadhi. Ni uonevu uliovaa kofia ya hifadhi.

Wapo watakaosema wananchi hawawezi kujilinda wenyewe dhidi ya tamaa zao. Waende Duru-Haitemba, humu humu Babati. Katika miaka ya 1990 Serikali ilitaka kuufanya msitu ule kuwa hifadhi yake. Vijiji vilivyouzunguka vikapinga, vikauchukua wenyewe, kila kijiji sehemu yake, vikatunga sheria ndogo na kuweka walinzi kutoka miongoni mwao. Watu wale wale waliodhaniwa kuwa maadui wa msitu ndio waliougeuza kuwa mali ya kulindwa. Hawakubadilika damu, walipewa madaraka, na madaraka huleta wajibu.

Basi na ziwa lifanyiwe vivyo hivyo. Nguzo zipimwe kutoka pale maji yanapofika masika, zisimikwe mchana, mbele ya mkutano wa mtaa. Waanze kuondoka wenye kuta, kisha wenye mashamba, na mkulima mdogo aonyeshwe pa kulima kabla ya kuambiwa aondoke. Walinzi wachaguliwe na wavuvi na wakulima wenyewe. Nasi tunaoishi mbali na maji tusikae pembeni tukitazama, maana tope linaloijaza sahani hutoka pia katika miteremko tunayoilima juu chini bila makinga maji.

Mita 60 ni za mtoto atakayetaka kula perege wa Babati miaka 30 ijayo, akalala usiku wa masika bila kuamshwa na maji mlangoni. Kiboko atafaidika pia. Hilo lisituume.