Usimkataze kuvua, bana kimwiba cha ndoano

Naendelea na mada zetu za usalama wa watoto likizo hii. Leo ni ndoano.

Mnawaona wenyewe. Nailoni imezungushwa kwenye kopo, chambo vipande vya kamba, wanashuka mikokoni maji yakianza kujaa. Na sisi mama tunapiga kelele mlangoni: "Nikikukuta huko nitakuchapa!"

Mimi nasema fimbo haisaidii hapa. Mtoto aliyekatazwa anaenda vilevile, ila anaenda kwa kujificha, na ndoano ikimchoma anaficha kidonda mpaka kidole kivimbe. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko ndoano yenyewe. Aende, lakini na mtu mzima anayeyajua maji, na ndoano iwe imebanwa kimwiba.

Kimwiba gani? Chukua ndoano uitazame. Karibu na ncha kuna kimwiba kidogo kinachoelekea nyuma. Ncha inaingia kirahisi, kimwiba kinakataa kutoka. Ukivuta kinachana nyama. Sasa kibane kwa plaizi mpaka kilale kabisa. Ukipitisha kipande cha kitambaa kisinase, umemaliza.

Hili si wazo langu. Kuna wavuvi wa samaki anayeitwa trauti, samaki wa mito ya baridi. Kenya aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kutiwa mto Gura, milima ya Aberdare. Wavuvi wake hawatumii kamba wala minyoo. Wanaivisha ndoano nyuzi na manyoya ifanane na mdudu. Moja inayopendwa sana inaiga mdudu aitwaye kadisi, aliibuni Mmarekani Al Troth mwaka 1957, kwa nywele za mnyama wa huko kwao. (Hao kadisi wakiwa wachanga wengi hujijengea kinyumba cha mchanga na vijiti chini ya maji. Wanangu wangewapenda!) Na Kenya watu wanazifunga ndoano hizo kwa mkono na kuziuza nje.

Sasa uvuvi ule mshipi unarushwa nyuma kisha mbele, ndoano inapita karibu na sikio kila mara. Ndiyo maana wengi wao hubana kimwiba: samaki anarudishwa majini bila kuchanwa, na ndoano ikiingia sikioni mwa mtu inatoka bila vita. Watu wazima, wenye miwani na kofia, wanajikinga hivyo. Mtoto wako wa miaka tisa mwenye kaptula tu je?

Najua baba yake atasema samaki watachomoka. Wawili watatu watachomoka, kweli. Mshipi ukikazwa muda wote wengi wanabaki.

Ikishamchoma na kimwiba bado kipo, usivute. Usimwite jirani mwenye mkono wa nguvu. Kata mshipi, osha pembeni kwa maji safi na sabuni, funika, njoo kituo cha afya, tunaitoa kwa ganzi. Mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno, jamani, acheni. Ikiwa ni jicho usiiguse kabisa: funika kwa kikombe kisafi kisichoigusa ndoano, asisugue, hospitali saa hiyohiyo.

Na njoo na kadi ya kliniki. Vidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo, vumbi na mavi ya wanyama, kwa hiyo hata ndoano mpya inayong'aa inaweza kuviingiza. Ile chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14 inamlinda, lakini kinga hupungua miaka ikienda, usiseme "alichanjwa akiwa mchanga, yameisha". Dalili mara nyingi huja kati ya siku 3 na 21: taya linakaza, mdomo haufunguki, mgongo unakakamaa. Wakati huo kidonda mmeshakisahau.

Akichomwa na mwiba wa hongwe, hiyo ni kazi nyingine. Ule una sumu na unauma sana. Tumbukiza mguu au mkono kwenye maji ya moto anayoyavumilia, yajaribu kwanza kwa mkono wako wewe, si wake, maana maumivu yatamfanya asijue anaungua. Nusu saa mpaka saa moja na nusu, ukiongeza ya moto yakipoa. Kisha mlete, kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.

Plaizi kama huna, fundi baiskeli wa mtaani kwako anayo. Mpelekee ndoano zote za nyumbani kwa mkupuo mmoja, hata zile alizozificha chini ya godoro. Ijumaa nitaandika kuhusu kuzama.