Chips tunapiga picha, chinsaga tunaificha

Hebu toa simu yako uangalie picha za mwezi huu. Kuku wa boksi yumo? Baga? Soda ya barafu imeshikwa na mkono wenye kucha mpya? Sawa. Sasa nitafutie picha ya chinsaga, hata moja tu. Usidhani nakuchoma peke yako, nimeangalia yangu pia: chips kumi na moja, ugali wa wimbi sufuri. Na huo ugali nakula karibu kila siku.

Naishi Kisii mjini, nyumbani ni Nyamira. Nilipoacha chuo (karo iligoma, hiyo ni stori ya siku nyingine) nilifanya kazi miezi saba kwa duka la chips hapa mjini. Halikuwa tawi la kampuni yoyote ya ng'ambo, lakini ungeingia ungedhani ni tawi. Rangi nyekundu na nyeupe, wafanyakazi na kofia, menyu ya picha inayowaka juu ya kaunta. Mdosi alikuwa ameenda Nairobi, akakaa kwa duka la kuku saa nzima akipiga picha kuta. Hivyo ndivyo hizi kampuni kubwa zinavyotufikia. Si lazima zije kukodi nyumba Moi Highway. Zinatuma sura, kazi ya kujenga tunafanya wenyewe.

Na usiniambie chips zililetwa na KFC. KFC ilifungua duka lake la kwanza Kenya mwaka 2011, pale Junction, Nairobi. Kenchic ni kampuni ya Kenya na ilianza 1984, kwa hivyo wazazi wetu walijua kuku na chips kitambo sana. Kilichokuja baadaye ni heshima. Kuku akawa mahali pa kuonekana.

Unakumbuka Januari 2022? KFC ikaishiwa na chips. Nchi ambayo viazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi, na duka linasema halina viazi! Kumbe chips zilikuwa zinatoka Misri, zimekwama kwa sababu ya meli kuchelewa. Tukauliza, kwani Nyandarua hakuna wakulima? Jibu likawa kwamba lazima viazi vipitie ukaguzi wa viwango vya kampuni dunia nzima. Watu wakawaka mtandaoni, wakaanzisha kampeni ya kuisusia, mpaka kampuni ikaahidi kutafuta wakulima wa hapa. Mimi pia niliposti. Nilikuwa na hasira kweli. Lakini ona hii: tulipigania kiazi chetu kiingie kwa boksi lao. Hakuna aliyeuliza kwa nini boksi ndilo tunalitaka.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kuandika. Siku moja ya soko, nyanya yangu alishuka kutoka Nyamira na mzigo wa chinsaga. Akauza, akabakisha kiasi, akaja kazini kunisalimia. Magokoro amesimama mlangoni, leso kiunoni, mafungu ya mboga mkononi, na ndani kuna wasichana wa chuo wanapiga selfie. Nilitoka mbio nikampeleka nyuma, karibu na mapipa. Nilimwambia mdosi hapendi wageni. Uongo. Mdosi hata hakuwepo. Alinipa zile mboga, akanishika shavu, akaenda stendi. Wenzangu wakaniuliza nani huyo, nikasema ni mama anauza mboga.

Jioni nilizipika mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kama hujui, chinsaga haitaki haraka. Unachambua majani moja moja, unachemsha mpaka uchungu upungue, unamwaga maziwa, unaacha kwa chungu (mimi nilikuwa na sufuria tu), kesho yake unapasha tena ndiyo inakolea. Siku mbili! Duka letu lilitoa sahani kwa dakika nne. Nilikula ya siku ya pili nikiwa peke yangu, mlango umefungwa.

Sasa kuna watu wataniambia turudi kwa vibanda vya kienyeji na tuache mambo ya wazungu. Pole, sikubaliani. Mimi nimefanya kazi pande zile, najua kwa nini unaenda. Bei imeandikwa ukutani, hakuna kuangaliwa viatu kwanza. Choo kina maji. Unaweza kukaa na mrembo wako saa mbili kwa soda moja na hakuna anayepangusa meza kwa hasira. Kibandani unakalishwa kwa benchi kando ya mtaro, unaambiwa "songa hapo kijana", na bei inategemea mwenyewe ameamkaje. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutaka kiti.

Ufilipino walilielewa hili. McDonald's ilipoingia kule mwaka 1981, ilikuta Jollibee, ya wenyeji, ishaanza. Jollibee ilichukua meza safi, taa na huduma ya haraka kama za Wamarekani, ikaweka ladha ya nyumbani, mpaka tambi zenye mchuzi wa sukari. Hadi leo ndiyo inayoongoza huko.

Sisi tumefanya kinyume. Tumekopi ladha, tumekopi rangi ya ukuta, na chakula chetu tumekiacha palepale kando ya mtaro. Na si kwamba hakina soko. Wakisii wa Nairobi wanatumiwa chinsaga kwa basi. Hapa Kisii, ambapo inafika asubuhi ikiwa na umande, nionyeshe mahali pamoja pa vijana penye taa nzuri, waifai na obokima wa wimbi na maziwa mgando kwa menyu. Mimi sipajui. Wewe uliyesomea biashara pale chuo kikuu, nakuuliza kweli, si kwa dharau: unangoja nini? Mpishi nakupa. Ana miaka sabini na kitu na hataki kofia.

Nilimpigia simu juzi nikamwambia ile ya mdosi haikuwa kweli. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama zile mboga nilizipika au zilioza. Siku ya soko nitakuwa Daraja Mbili naye, upande wa mboga, na simu imechajiwa.