Usinitumie Hiyo Pickle

Wasee wa Python, leo tukosane kidogo. Acheni kurushiana faili za pickle kwa WhatsApp kama stika.

Juzi msee wa kikundi chetu cha projekti amenitumia moja, ati "fungua uendelee nilipoachia." Kabla niipeleke kwa Python, nikaichungulia na programu ya kawaida ya kusoma maandishi. Katikati ya zile takataka, paswodi ya databesi na ufunguo wa API ya malipo zimekaa hapo wazi kabisa. Pickle inafungasha tu, haifichi kitu.

Jamaa anajitetea: "Lakini mimi sikuziweka." Ni kweli, na hiyo ndiyo shida. Usipoiambia Python lolote, inabeba `__dict__` yote ya objekti yako, mpaka siri za ndani. Dawa ni `__getstate__`. Unaiandika ndani ya klasi, unanakili `__dict__`, unatoa ufunguo kwa hiyo nakala, unarudisha kilichobaki. Nimesema nakala! Ukifuta kwa `self.__dict__` yenyewe, umeng'oa ufunguo kwa programu inayotembea, na utalia. Upande wa kufungua unaandika `__setstate__`, isome ufunguo kutoka kwa mashine ya huyo anayefungua, kwa sababu `__init__` haiitwi hapo. Yote ni kama mistari kumi. Kumi tu, buda, na bado unaona uvivu?

Na usishangae `copy.deepcopy` nayo ikikuletea nakala isiyo na ufunguo. Inapita njia hiyo hiyo, isipokuwa uiandikie `__deepcopy__` yake. Wengi hudhani kunakili na kufungasha ni vitu viwili tofauti, kumbe ni mtu na nduguye.

Sasa ile mbaya zaidi. Kuna `__reduce__`, ambayo inaruhusu objekti kusema: "ukinifungua, ita fanksheni hii na uipe hivi." Python inatii. Fanksheni yenyewe inaweza kuwa `os.system`, na amri iwe ya kufuta kila kitu kwa laptopu uliyonunua kwa jasho. Mwongozo rasmi wa Python unaonya waziwazi: usifungue pickle usiyoiamini. PyTorch nao, kuanzia toleo la 2.6 la 2025, wamefanya `torch.load` ikatae objekti za ovyo hadi uiruhusu mwenyewe.

Najua mtasema, "Sisi ni mbogi moja, tunaaminiana." Sawa. Mimi namwamini huyo msee. Lakini hiyo faili aliitoa wapi, na ilipitia simu ya nani? Kama ni data tu, majina na bei na tarehe, JSON inatosha na haiendeshi amri ya mtu.

Ile faili nimeifuta. Wewe uliyenitumia, unajijua, badilisha huo ufunguo leo kabla hujanijibu.