Kutoka uwanjani hadi kwenye kipaza sauti: Steve Zakuani na sauti inayokosekana Kongo

Kombe la Dunia la 2026 litachezwa Marekani, Canada na Mexico, na Seattle, kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, ni mmoja wa miji 16 itakayopokea mechi. Wapenzi wa kabumbu wa mji huo wamekwisha kuzoea kuelezwa mchezo na mtoto wa Kinshasa. Anaitwa Steve Zakuani. Alivaa jezi ya Seattle Sounders, akavunjwa mguu akiwa na miaka 23, na alipoacha kucheza akarudi kwenye timu ileile kwa mlango mwingine, ule wa watangazaji.

Kwa mkaaji wa Sange jina hilo huenda halisemi mengi. Kaka yake, Gabriel, anafahamika zaidi, kwa kuwa alikuwa beki katika kikosi cha Leopards kilichochukua nafasi ya tatu kwenye CAN ya 2015. Lakini habari ya mdogo ndiyo inayogusa jambo ambalo Wakongomani wamelivumilia kwa zaidi ya miaka 50: wao wanacheza, wengine wanasimulia.

Steve Zakuani alizaliwa Kinshasa mwezi wa pili 1988, akapelekwa London angali mtoto mdogo. Alipita katika shule ya vijana ya Arsenal, haikuendelea. Kisha ajali ya pikipiki ikamharibu goti, na kwa kijana wa mtaani London hapo ndipo hadithi nyingi za kabumbu huishia. Yeye alivuka bahari akaenda kusoma chuo kikuu cha Akron, Marekani, akicheza mpira wa chuo. Mwezi wa kwanza 2009 Sounders, waliokuwa wanaingia kwa mara ya kwanza katika ligi kuu ya nchi hiyo, walipewa nafasi ya kuchagua mchezaji kabla ya timu nyingine zote. Wakamchagua yeye. Msimu wa 2010 alifunga magoli 10 katika ligi.

Tarehe 22 mwezi wa nne 2011, ugenini Colorado, mechi ikiwa na dakika tatu tu, Brian Mullan alimwingilia kwa nguvu na mifupa miwili ya mguu wake ikavunjika. Madaktari walipambana hata kuuokoa mguu wenyewe. Mullan alifungiwa mechi 10 na kutozwa faini ya dola 5,000. Zakuani alikaa nje zaidi ya mwaka mmoja. Aliporudi, mwezi wa saba 2012, timu iliyokuwa mbele yake ilikuwa Colorado ileile, na baada ya filimbi ya mwisho alimkumbatia Mullan mbele ya umati. Hata hivyo kasi yake ya zamani haikurudi. Alicheza msimu mmoja Portland, na 2014, akiwa na miaka 26, akaachana na viatu.

Miaka 26 ni umri ambao mchezaji wa Bukavu au Lubumbashi bado anatafuta timu ya kumlipa vizuri. Zakuani alikuwa na bahati tatu ambazo mwenzake wa hapa hana: alikuwa amesoma, alijua lugha ambayo watazamaji wa mji wake wanaielewa, na alikuwa na timu iliyoona kwamba mtu aliyepokea pasi uwanjani anaweza kuieleza vizuri zaidi ya mtu aliyeisoma kitabuni. Ndivyo alivyoanza kuchambua mechi za Sounders, huku akiendesha shirika lake la vijana, Kingdom Hope.

Huko Amerika ya Kaskazini jambo hilo halimshangazi mtu. Kila mchezo una wazee wake kwenye kipaza sauti. Hata hoki ya barafuni, mchezo ambao bonde la Ruzizi haliujui kabisa, ina watu kama Kevin Weekes, kipa mweusi wa Canada aliyegeuka mtangazaji mkubwa wa mchezo huo, na P.K. Subban, beki aliyepewa tuzo ya beki bora wa ligi 2013, akastaafu 2022 na kwenda kukaa kwenye televisheni ya ESPN. (Na katika hoki hiyohiyo yuko Boko Imama, aliyezaliwa Montreal na wazazi waliotoka Kongo. Barafu nayo imekwisha kukanyagwa na watu wetu.) Mchezaji anapomaliza, ujuzi wake hautupwi, unahamishwa kutoka miguuni hadi mdomoni.

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani mpira ukisimuliwa na mgeni? Jibu liko Gelsenkirchen, Ujerumani, tarehe 22 mwezi wa sita 1974. Leopards wa Zaire walikuwa wanacheza na Brazil, baada ya kufungwa 2-0 na Scotland na 9-0 na Yugoslavia. Brazil wanaongoza, wanapata mpira wa adhabu karibu na goli. Mara beki Mwepu Ilunga anachomoka kwenye ukuta, anakimbia na kuupiga mpira mbali kabla Mbrazil hajaugusa. Mwamuzi anamwonyesha kadi ya njano. Dunia ikacheka. Kwa miaka mingi picha hiyo ilirushwa tena na tena kwenye vipindi vya vichekesho, na maelezo yaliyoambatana nayo yalikuwa yaleyale: Mwafrika huyu hajui hata sheria za mchezo.

Huyo waliyemwita mjinga alikuwa bingwa wa Afrika mara mbili, 1967 na 1968, pamoja na Englebert ya Lubumbashi, timu ambayo leo ni TP Mazembe. Alikuwa amekwisha kuona mipira ya adhabu mingi kuliko waandishi waliomcheka. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijua vizuri alichokuwa anakifanya. Wachezaji walikuwa hawajalipwa pesa zao, na walikuwa wameambiwa na watu wa Mobutu kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya magoli matatu wasifikirie kurudi nyumbani. Alitaka kupoteza muda, na kama angetolewa nje kwa kadi nyekundu, basi heri. Mechi iliisha 3-0. Ukiisikia habari hiyo na kuitazama picha upya, huoni kichekesho tena, unaona mtu anayeogopa. Lakini maelezo ya Mwepu yalichelewa miaka karibu 30, na alipofariki Kinshasa mwezi wa tano 2015 bado wengi nje walimkumbuka kwa kicheko.

Kama siku ile kungekuwa na mchezaji mmoja wa zamani wa Kongo mbele ya kipaza sauti kinachosikika ulimwenguni, angetumia sekunde 10 tu kusema: huyu anajua, muulizeni kwa nini.

Wapo watakaosema mambo hayo ni ya zamani. Tarehe 16 mwezi wa 11, 2025, mjini Rabat, Leopards waliitoa Nigeria kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1, siku tatu baada ya kuitoa Cameroon kwa goli la Chancel Mbemba katika dakika za nyongeza. Dhidi ya Nigeria, kocha Sébastien Desabre alimwingiza kipa Timothy Fayulu mwishoni kabisa mwa muda wa ziada, kwa ajili ya penalti peke yake. Fayulu akauzuia mkwaju wa Semi Ajayi, na Mbemba akafunga wa mwisho. Hapo kuna mengi ya kueleza: kipa wa akiba anajitayarisha vipi akijua ataitwa kwa ajili ya dakika chache, kocha anakuwa na moyo gani wa kumtoa kipa ambaye hajakosea. Kesho yake habari iliyozunguka magazeti ya dunia ilikuwa nyingine: kocha wa Nigeria, Éric Chelle, alisema kuna mtu upande wa Kongo aliyekuwa akifanya uchawi wakati wa penalti. Mwaka 1974 tulishindwa kwa ujinga, 2025 tukashinda kwa uchawi. Katika masimulizi yote mawili, kazi ya mchezaji haimo.

Sasa Sange, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu. Hakuna haja ya kuwaeleza watu wa hapo kwamba kabumbu si mchezo tu. Jioni ya tarehe 2 mwezi wa saba 2010, siku ya robo fainali za Kombe la Dunia la Afrika Kusini, lori la mafuta lilipinduka katikati ya mji huo na kuwaka moto. Watu zaidi ya 230 walikufa. Wengi walikuwa wamekuja kuchota mafuta yaliyomwagika au kutazama tu ajali, na wengine walikuwa wamekaa ndani ya nyumba za video wakiangalia mpira, kwa sababu nyumbani hawakuwa na umeme wala televisheni. Walizikwa pamoja. Familia za bondeni bado zinahesabu miaka kuanzia tarehe hiyo.

Watu waliotoa gharama kama hiyo kwa ajili ya kuona mpira wanastahili kuelezwa mpira kwa lugha yao. Hali ilivyo ni hivi: picha inakuja na Kifaransa au Kiingereza, na anayejua kidogo anawatafsiria waliokaa nyuma. Kwenye redio, RFI ina Joseph-Antoine Bell, kipa wa zamani wa Cameroon na Marseille, ambaye maneno yake makali yanapendwa sana, ila ni kwa Kifaransa, na mama anayeuza ndizi barabarani hawezi kuyafuata. Kwa Kiswahili, sauti nyingi zinatoka Tanzania. Tangu Fiston Mayele na Wakongomani wengine walipovuma Yanga na Simba, vijana wa Uvira wamejua majina ya wachambuzi wa Dar es Salaam kuliko ya Kinshasa.

Na hao Watanzania wana kitu cha kuonyesha. Ally Mayay alichezea Yanga na Taifa Stars, kisha akawa mchambuzi. Kazi hiyo ilimfanya ajulikane hata na vijana wasiowahi kumwona akicheza. Mwaka 2017 aligombea urais wa shirikisho la kabumbu la nchi yake. Hakufua dafu, alipata kura 9 mbele ya 95 za Wallace Karia, lakini baadaye serikali ilimkabidhi kiti cha Mkurugenzi wa Maendeleo ya Michezo. Mchezaji wa zamani aliyekaa kimya asingefika hapo.

Kwetu, anayestaafu ana milango miwili. Mmoja ni ukocha, kama Pamphile Mihayo aliyetoka unahodha wa Mazembe hadi benchi lake. Mwingine ni siasa, kama kipa Robert Kidiaba huko Haut-Katanga. Mlango wa redio upo, lakini nyuma yake hakuna mshahara. Redio za jamii za Uvira na bonde zinaishi kwa matangazo ya vifo, ya maduka na ya makanisa, na kwa msaada wa mashirika unaokuja na kuondoka. Mwandishi wa michezo mara nyingi anajitolea. Kumwambia mchezaji wa zamani mwenye watoto sita aje kuchambua mechi bure ni kumtukana kwa upole.

Tatizo la pili halisemwi sana: waandishi wenyewe wanaogopa kupokonywa kiti. Wanasema mchezaji hajui kuongea. Mara nyingine ni kweli, kuongea hewani ni ufundi unaofundishwa. Lakini Zakuani naye hakuzaliwa na kipaza sauti mkononi. Dawa ni kuwakalisha wote wawili meza moja, mwandishi anaongoza, mchezaji anafafanua, kama wanavyofanya wengine duniani. Kwa redio ya Uvira hiyo ni nauli ya pikipiki na saa mbili kila Jumapili. Shirikisho la kabumbu, FECOFA, na viongozi wa jimbo wangeweza kubeba gharama hiyo bila kuhisi uzito. Mpaka leo hawajaonyesha kwamba jambo hilo wanaliona.

Na wakati si mzuri. Mwezi wa 12, 2025 vita vilishuka bondeni kabla M23 hawajaingia Uvira, na maelfu ya wakaaji walivuka kwenda Burundi. Redio zinapofungwa au kunyamazishwa, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kufa, kwa kuwa kila mtu anakiona kama starehe. Ila kwenye kambi ya wakimbizi, matokeo ya Leopards ndiyo habari pekee ya nchi ambayo watu wa kabila zote wanaisubiri pamoja.

Mwezi wa tatu 2026, Leopards wana mechi moja ya mchujo Mexico. Wakishinda, wataingia kundi la Ureno, Colombia na Uzbekistan, na litakuwa Kombe lao la kwanza tangu lile la Mwepu. Saa zinapishana sana: Seattle ikiwa saa sita mchana, Sange ni saa tatu usiku, na mechi nyingine zitaanza watoto wakiwa wamelala. Nyumba za video zitahitaji jenereta kwa mwezi mzima, na mafuta yake yatapita barabara ileile namba 5.