Usianze na wufa, anza na spika za mbele

Ukiingia Luthuli Avenue, Nairobi, ukitafuta mziki wa keja, utaonyeshwa wufa kwanza. Muuzaji ataiwasha besi ikupige kifuani, kisha akuonyeshe kibandiko cha maelfu ya wati za PMPO. Tulia. PMPO ni namba ya kuuzia tu. Uliza wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika inabeba mfululizo. Akianza kuzungukazunguka, nenda duka linalofuata, yako mengi.

Filamu unaisikia mbele, si kwenye wufa. Kwenye mfumo wa 5.1, maneno mengi ya waigizaji hutoka spika ya katikati, nao mziki na vishindo hugawanywa kushoto na kulia. Wufa ni ya mngurumo wa chini. Ndiyo maana kuna wasee wenye mziki wa kutetemesha madirisha lakini mnong'ono hawausikii. Wanaongeza sauti, bomu linalipuka, jirani anagonga ukuta.

Kama unaishi bedsita na pesa ni za kuhesabu, achana na maboksi matano. Chukua spika mbili nzuri za mbele na amplifaya ya stereo. Ukikaa katikati yake, utasikia mwigizaji kama anaongea kutoka kwenye skrini yenyewe. Ya katikati utaongeza baadaye, na iwe ya familia moja na hizo mbili, la sivyo gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia litabadilika sauti njiani.

Nyuma ya boksi tafuta dB. Spika ya 86 inahitaji wati mara mbili ya zile za spika ya 89 ili zilingane kwa sauti. Kwa amplifaya ndogo, hiyo si tofauti ya kupuuza. Angalia ohm pia: amplifaya iliyotengenezewa ohm 8 inaweza kuungua ukiifunga spika za ohm 4.

Sasa jaribio. Beba kwa simu filamu unayoijua, sehemu ambayo watu wawili wanaongea polepole. Mwambie muuzaji azime wufa kabisa na ashushe sauti. Atakushangaa, mwache ashangae. Maneno yakipotea hapo dukani, nyumbani hayatarudi.

Za mitumba? Sawa, mradi uondoe wavu wa mbele na uguse ule ukingo unaozunguka koni. Ukimeguka vidoleni, shika njia.