Vijana Hawaigi Sinema, Huitafsiri

Kuna kauli ambayo haikosi kusikika katika mikutano ya wazazi na walimu. Husemwa kwamba sinema za kigeni zimewaharibu vijana. Kwamba mvulana akinyoa kiduku, msichana akivaa suruali iliyoraruliwa magotini kwa makusudi, na wote wawili wakizungumza lugha ambayo mwalimu wao haielewi, basi chanzo ni picha walizozitazama. Kauli hiyo hutolewa kwa uchungu wa kweli, na wahenga huitwa mara moja waje kuitolea ushahidi: mwiga tembo hupasuka msamba, mwacha mila ni mtumwa.

Mimi ni mwanaisimu. Kazi yangu ni kuyachunguza maneno: yalikotoka, njia yaliyopitia, na kazi yanayofanya pale yalipofika. Ushahidi ninaoupata katika maneno haukubaliani na kauli hiyo. Unaonyesha kwamba kijana anayetoka kutazama sinema hafanani na kasuku. Yuko karibu zaidi na mfasiri. Na mfasiri, kama ajuavyo kila mwalimu wa lugha, hahamishi kitu kama kilivyo. Hukiuliza kilikuwa na kazi gani kule kilikotoka, kisha hukitafutia kazi mpya huku kinakoingia.

Nianze na mtaa nilikokulia, yaani Ziwani, hapa Nairobi. Ziwani ni miongoni mwa mitaa ya Eastlands iliyojengwa na serikali ya mji katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Jirani yake ni Kariokor, na jina hilo lenyewe ni somo. Asili yake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliotumikishwa na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wazee wetu waliyachukua maneno mawili ya kijeshi, wakayapitisha katika ulimi wao, yakatoka jina la mahali. Hakuna aliyewaambia kwamba wameharibika.

Kutoka Ziwani kijana angeweza kwenda kwa miguu hadi Ngara, iliko nyumba iliyokuwa Sinema ya Shan, mashuhuri kwa filamu za Kihindi. Angeweza kwenda kwa miguu hadi katikati ya jiji, au kuteremka upande wa pili hadi soko la Gikomba. Umbali huo mfupi una maana kubwa katika hoja yangu, kwa sababu figa moja haliinjiki chungu. Sinema peke yake haizai mkumbo. Mkumbo huzaliwa pale sinema inapokutana na soko, na soko linapokutana na mahali pa kujionyesha.

Katika miaka ya mwanzo ya 1990, nilipokuwa mwanafunzi, filamu za vijana weusi wa Marekani, kama vile House Party ya mwaka 1990 na Juice ya mwaka 1992, zilitufikia kwa kanda za video. Tulizitazama tukiwa tumebanana katika vyumba vidogo vyenye televisheni moja. Kichwa kilichonyolewa pande zote na kuachwa bapa juu kilihamia kwenye ubao wa kinyozi, kikachorwa kwa rangi ya mafuta na kupewa jina la boksi. Suruali pana zilipatikana Gikomba, kwani biashara ya mitumba ilikuwa imeshamiri. Isiyokutosha ilipelekwa kwa fundi cherehani. Jumapili alasiri mavazi hayo yalipelekwa kwenye disko za mjini, na siku nyingine zote za wiki yalipita mitaani ndani ya matatu zilizopakwa sura za waigizaji na wanamuziki wale wale. Kinyozi, mchuuzi, fundi, mchoraji, mcheza santuri: kila mmoja alitia mkono wake, na kila mmoja alikibadilisha kidogo kile kilichomfikia. Kilichofika kwenye disko hakikuwa tena cha Marekani.

Maneno yaliyobaki nyuma ya mikumbo ya namna hii yanathibitisha jambo hilo. Chukua neno stelingi, ambalo watazamaji wa Afrika Mashariki wamelitumia kwa muda mrefu kumtaja mhusika mkuu wa filamu. Limetokana na neno la Kiingereza linaloandikwa kwenye mabango kabla ya jina la mwigizaji. Kwa Waingereza hilo si jina la mtu. Kwetu limekuwa nomino kamili, na usemi kwamba stelingi hafi umetoka katika kumbi za sinema na kuingia katika maisha. Mtu aliyeponea ajali hujiita stelingi.

Au chukua neno pekosi. Katika miaka ya 1970, suruali zilizobana mapajani na kupanuka miguuni ziliitwa pekosi huko Tanzania. Pecos ni jina la mto unaopita New Mexico na Texas, nchi ya makauboi wa sinema, na mwaka 1966 Waitaliano walitoa filamu ya kauboi ambaye jina lake lilikuwa hilo hilo. Mto wa Texas haukuwa na njia nyingine ya kumfikia fundi cherehani wa Kariakoo isipokuwa kupitia kitambaa cheupe cha sinema. Lakini alipofika, alikuwa ameacha kuwa mto na ameacha kuwa kauboi. Amekuwa miguu ya suruali. Vivyo hivyo Rambo, askari aliyeigizwa na Sylvester Stallone kuanzia mwaka 1982, aligeuka huko huko Tanzania kuwa mfuko wa plastiki wa kubebea nyanya na vitunguu. Serikali ya nchi hiyo ilipopiga marufuku mifuko hiyo mwezi Juni 2019, wengi walijua tu kwamba rambo zimekwisha. Nani atasema kwamba mama aliyebeba vitunguu katika rambo alikuwa akimwiga askari wa Marekani?

Mfano mkubwa zaidi unatoka Kongo. Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, walizipenda sana filamu za makauboi. Wakajiita Bill, kwa heshima ya Buffalo Bill, wakavaa kama wao na kutembea kama wao. Hawakuishia kwenye mavazi. Walibuni msimbo wao wa lugha juu ya msingi wa Kilingala, ukaitwa Hindubill, jina lililounganisha India ya filamu na kauboi wa Marekani. Baadaye, mjini Bukavu, msimbo uliochukua jina hilo ulizungumzwa na vijana juu ya msingi wa Kiswahili. Tazama basi: wanaisimu huandika vitabu kuhusu lugha iliyozaliwa kwa watoto waliodhaniwa kuwa wanapoteza wakati kwenye sinema.

Wala tusidhani kwamba yanayotoka katika sinema hubaki kuwa ya mitaani tu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana pwani yote kwa kuimba taarabu yenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Mengi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na ndugu yake, Ahmad Nassir, mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili. Sauti ya Bombay ikabeba vina na mizani ya Mombasa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuwa lahani. Aliyepona ni ushairi wetu, kwa kuwa ulipata njia ya kuingia katika nyumba ambazo kitabu cha mashairi kisingefika.

Najua wapo watakaosema kwamba nachagua mifano mizuri na kuifumbia macho mibaya. Haki yao wapewe. Vijana wale wa Kinshasa hawakuwa malaika. Walipigana kwa makundi, na wasichana waliteswa mikononi mwao. Hata hapa Eastlands wapo waliotafsiri bastola ya sinema kwa bastola ya kweli, na wazazi wao wanayajua makaburi yao. Tafsiri inaweza kuwa mbaya, na tafsiri mbaya inaweza kuua.

Swali ni dawa yake. Iliyojaribiwa zaidi ni marufuku. Tarehe 1 Januari 1969 Tanzania ilianza kutekeleza Operesheni Vijana, iliyobuniwa na Umoja wa Vijana wa TANU ili kukomesha sketi fupi, suruali za kubana na mitindo mingine iliyohesabiwa kuwa ya kigeni. Vijana wa chama walisimama barabarani kuwakagua wapita njia, na walioumia zaidi walikuwa wanawake. Miaka michache baadaye zikaja pekosi. Marufuku haikukata kiu. Iliwafundisha vijana kwamba wakubwa huutazama urefu wa nguo kabla ya kumsikiliza aliyeivaa.

Kinshasa kulikuwa na dawa nyingine. Padri Mbelgiji, Jozef de Laet, aliwafuata vijana wale badala ya kuwakimbia, akakaa nao, nao wakamwita Père Buffalo. Hakuwapokonya kauboi wao. Alizungumza nao kwa lugha waliyokuwa wameitafsiri wenyewe. Naona hapo mfano wa mwalimu.

Jirani yangu mmoja wa Ziwani alirudishiwa mwanawe nyumbani kwa wiki mbili kwa sababu ya nywele. Shule hiyo siitaji, kwa kuwa inafanana na nyingi. Kijana alirudi darasani amenyolewa, lakini tangu siku hiyo, mama yake asema, hainui mkono kujibu swali. Tulipata kichwa kilichonyolewa, tukapoteza mwanafunzi. Huo ndio uzito wa jambo ninalolizungumzia. Halihusu fasheni tu. Linahusu kama kijana ataamini kwamba darasa lina haja na anachokijua.

Na anachokijua ni kingi. Katika mtihani wa KCSE, isimujamii hutahiniwa katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili. Walimu wengi huifundisha kwa kuwakaririsha wanafunzi sifa za sajili ya mahakamani na ya hospitalini, mahali ambapo wengi wao hawajawahi kukanyaga. Mwalimu na awaombe waende wakusanye maneno kumi yaliyotokana na filamu wanazozitazama. Kila neno liandikiwe ngeli yake, wingi wake, lilivyobadilika sauti, na nani hulitumia kwa nani. Kisha na aulize swali gumu zaidi: neno hili limeacha nini njiani? Mwanafunzi akigundua kwamba jina la jambazi fulani limefika mtaani kwake likiwa sifa ya ushujaa, bila maiti na bila mama anayelia, atakuwa ameanza kuihariri tafsiri yake mwenyewe. Hakuna bodi ya kukagua filamu itakayomfanyia kazi hiyo vizuri zaidi.

Tena filamu hazitoki ng'ambo tu. Mwaka 2012 ilitoka Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Gitonga, na kwa mara ya kwanza Kenya ikawasilisha filamu kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Lugha zake zilikuwa Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Vijana wa Eastlands walisikia mazungumzo yao wenyewe yakitoka kwenye kitambaa kikubwa bila kuombewa radhi. Naye DJ Afro amejipatia mashabiki wengi kwa kusimulia filamu za Kihindi na za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani, akimpa shujaa wa kigeni maneno ya kwetu. Hata Black Panther, filamu ya Marekani, ilipoonyeshwa nchini mwezi Februari 2018, ilifanya watu wavae vitenge kwenda sinema. Sinema ya kigeni iliwarudisha watu kwenye masanduku ya mama zao.

Ile nyumba ya Shan kule Ngara haionyeshi tena filamu za Kihindi. Ilinunuliwa na shirika la Sarakasi, ikawa mahali pa mazoezi ya wanasarakasi na wachezaji ngoma. Waliokuwa wakikaa gizani kutazama sasa wamesimama jukwaani. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo njia ya mkumbo wowote ukipata walezi: huanza kwa kutazama, ukaishia kwa kutenda. Walimu wenzangu, tusisimame mlangoni na mkasi. Nanyi wanafunzi, mkishatazama, kumbukeni kwamba tafsiri mnayoitoa ina jina la mfasiri chini yake, na jina hilo ni lenu.