Pima kwanza, ndugu fundi!

Jamani mafundi wa Nakuru, tumezidi kubahatisha! CNC ya kujiundia ikitetemeka bila kusogea, jibu ni moja: "Draiva ni feki, agiza nyingine Nairobi." Nani kapima? Sisi wa programu hatutupi kompyuta kwa sababu ya mstari mmoja wenye kosa, tunautafuta.

Zima stima, badilisha nafasi za draiva ya X na ya Y. Tatizo likihama, draiva ni mbovu. Likibaki, kagua waya, mota, hata mipangilio. Kwa A4988 yenye rezista za omu 0.1, volti 0.8 kwenye kiskrubu chake ni ampea 1. Na ukichomoa mota stima ikiwaka, wewe ndiwe muuaji wa draiva!

Kununua bila kupima si ufundi, ni kamari. Mwasemaje?